Injini ya akiba kwenye gari la umeme: kelele ipi unaweza kuishi nayo?

Gari la umeme lenye injini ya akiba linakuzoesha kimya, halafu linakunyang'anya. Unakwenda kilomita 60 bila kusikia chochote zaidi ya matairi na upepo. Kisha, ukiwa umesimama kwenye foleni, kitu kinaanza kuvuma chini ya sakafu kana kwamba kuna mtu amewasha jenereta kwenye buti, na mguu wako hata haujagusa pedali. Malalamiko mengi yanaanzia hapo. Ndiyo maana desibeli peke yake haisaidii kuchagua: injini ya gari la kawaida inaweza kuwa na kelele zaidi, lakini ile unaitarajia kwa sababu umeikanyagia mafuta mwenyewe.

Tunalinganisha mifumo minne ambayo kila mmoja umetatua tatizo hili kwa njia yake: BMW i3 REx (silinda mbili), Mazda MX-30 R-EV (rota moja, yaani kipande cha pembetatu kinachozunguka badala ya pistoni), Nissan e-Power (silinda tatu) na Chevrolet Volt, ambayo Ulaya iliuzwa pia kwa jina la Opel Ampera (silinda nne). E-Power haichajiwi kwa waya, kwa hiyo wengine watasema haistahili kuwa kwenye orodha hii. Tumeiweka kwa sababu wanunuzi huishindanisha na hizi nyingine, na kwa upande wa sauti kazi ni ileile: injini inazalisha umeme, mota inasukuma magurudumu.

Vigezo: nini cha kupima

*Mapigo.* Silinda ya injini ya mipigo minne huwasha mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili ya shafti. Kwa hiyo ukijua idadi ya silinda na mizunguko kwa dakika, unajua pia mvumo utakaousikia, kwa hezi (mapigo kwa sekunde):

| Injini | Mwako kwa mzunguko mmoja | Kwa mizunguko 2,400 | Kwa mizunguko 4,500 |
|---|---|---|---|
| Silinda 2 | 1 | hezi 40 | hezi 75 |
| Rota 1 | 1 | hezi 40 | hezi 75 |
| Silinda 3 | 1.5 | hezi 60 | hezi 112 |
| Silinda 4 | 2 | hezi 80 | hezi 150 |

Namba ikiwa ndogo, sauti ni nzito na ni ngumu kuizuia. Mvumo wa hezi 40 haupiti hewani tu. Unasafiri kwenye raba za injini, kwenye fremu, kwenye reli za kiti, hadi mgongoni. Sponji na mikeka ya kuzuia sauti haiugusi.

*Inaingia lini, na nani anaamua.* Je, dereva anaweza kuiambia injini ingoje hadi gari lifike barabara kuu, ambako matairi yataifunika?

*Inafuata mguu au inafuata hesabu zake.* Injini inayopanda na kushuka pamoja na mwendo wa gari husahaulika haraka. Ile inayokaa palepale huku gari likipunguza mwendo husikika kama kitu kimeharibika.

*Uwiano wa nguvu.* Gawanya nguvu ya injini kwa nguvu ya mota. Hiki ndicho kigezo ambacho watu hukiruka, na ndicho kinachosema mengi kuliko vyote kuhusu mlima. Chukua gari la kilo 1,500 pamoja na abiria. Kulipandisha mita 1,000 kunahitaji kWh 4.1 kwa fizikia tupu. Weka kWh 5 ukihesabu upotevu. Kama mwinuko ni asilimia 6, hizo ni kilomita 17 za barabara. Ukizipanda kwa kilomita 90 kwa saa, magurudumu yanadai takriban kW 22 za kupanda na nyingine 14 hivi za kushinda upepo na msuguano, jumla kW 36 kwa dakika 11. Injini isiyofikisha kiasi hicho itafanya mambo mawili: itapiga kelele kwa nguvu zake zote, na itakula akiba ya betri. Akiba ikiisha, mwendo unashuka.

*Uzee.* Kelele ya gari jipya si kelele ya gari lenye miaka minane. Kila mfumo una mahali pake pa kulegea.

BMW i3 REx

*Mapigo.* Injini ya sentimita za ujazo 647, yenye asili ya skuta ya BMW C 650 GT na kutengenezwa na Kymco ya Taiwan. Imelala nyuma, kando ya mota, kwa hiyo sauti inatoka mgongoni mwa abiria wa nyuma. Aliye nje akisikia gari likipita kwa mwendo wa polepole atageuka kutafuta pikipiki. Kwa ndani si kali, ila ni nzito. Kumbuka pia kwamba chumba cha i3 ni cha nyuzi za kaboni, chepesi, na wepesi si rafiki wa kuzuia sauti nzito.

*Inaingia lini.* Hapa inategemea gari liliuzwa wapi. Matoleo ya Ulaya yana chaguo la kuhifadhi chaji: betri ikiwa chini ya asilimia 75, dereva anaweza kuiwasha injini na kushikilia kiwango hicho. Matoleo ya Marekani yalifungiwa chaguo hilo. Injini inangoja hadi betri ibaki na asilimia 6.5 hivi. Injini ni moja, lakini maisha ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo haionekani kwa macho ukiwa sokoni.

*Inafuata nini.* Inafuata mwendo na kiwango cha betri. Ukienda polepole inashushwa, na ukisimama kwa kawaida inazimwa, isipokuwa betri imeshuka chini ya kiwango inacholinda. Hapo itaendelea kuvuma hata kwenye taa nyekundu.

*Uwiano.* kW 28 kwa mota ya kW 125, yaani asilimia 22. Ndio mdogo kuliko zote hapa. Kwenye tambarare inatosha mwendo wa barabara kuu. Kwenye mlima ule wa mfano, upungufu ukiwa kW 12 baada ya upotevu, asilimia 6.5 ya betri ya kwanza (kWh 18.8 zinazotumika) ni kWh 1.2 tu: dakika sita, halafu gari linaanza kulegea huku injini ikilia kwa sauti yake ya juu kabisa. Mwenye toleo la Ulaya aliyehifadhi asilimia 40 hapati tatizo hilo.

*Uzee.* Gari ambalo mwenye nalo alijivunia kutowasha injini kamwe si lazima liwe bora. Injini inayowaka kwa dakika chache tu haipati joto la kutosha, na petroli isiyoungua inachanganyika na oili. Chomoa kijiti cha oili: kiwango kikiwa juu ya alama na harufu ni ya petroli, oili ibadilishwe. Badilisha kwa kalenda, mara moja kwa mwaka, si kwa kilomita. Mlio wa bati unaosikika nyuma kwa mizunguko fulani tu mara nyingi ni kinga ya joto ya ekzosi au kifuniko cha chini kilicholegea skrubu.

*Inamfaa* anayechaji nyumbani kila usiku na kuihitaji injini mara chache kwa mwezi, kwenye barabara isiyo na milima mirefu. Tangi la lita 9 linatosha kumfikisha kwenye chaja. Si la safari ya siku nzima.

Mazda MX-30 R-EV

*Mapigo.* Rota moja, sentimita za ujazo 830. Wazo si geni: Audi ilionyesha A1 e-tron yenye rota ndogo mwaka 2010, na Mazda yenyewe ilijenga gari la majaribio lenye rota ya 330 mwaka 2013. Linalovutia kwenye rota ni kwamba hakuna pistoni inayokwenda na kurudi, hakuna valvu zinazogonga. Ukiipa uzito wa kusawazisha, mtetemo wake ni mdogo kuliko wa silinda mbili. Lakini usidanganyike na sifa hiyo ukadhani ni kimya. Tundu la kutolea moshi hufunguka ghafla rota inapolipita, na moshi unatoka kwa mpigo mkali. Kinachobaki ndani ya gari ni mvumo wenye mkwaruzo kidogo, kama nyuki ndani ya debe, hasa injini ikikaribia kW 55 zake.

*Inaingia lini.* Kuna hali tatu. Ya EV huizuia injini mpaka betri ishuke, ila ukikanyaga pedali hadi mwisho kabisa itawaka. Ya Normal huiruhusu kuingia nguvu inapohitajika. Ya Charge hukuwezesha kuchagua kiwango cha akiba, kumi kwa kumi. Kwa mtu anayechukia kelele, hili la mwisho ndilo hazina: unachaji betri ukiwa barabara kuu, kisha unaingia mjini kwa EV.

*Inafuata nini.* Inafuata mahitaji ya umeme zaidi ya mguu. Ukiachia pedali, sauti inaweza kubaki kwa muda. Watoto wakiwa nyuma watauliza ni nini.

*Uwiano.* kW 55 kwa 125, asilimia 44. Ule mlima wa mfano inaumudu kwa kilomita 90 kwa saa, ingawa injini itakuwa juu na utaisikia njia nzima. Gari lenyewe pia ni zito kuliko lile la hesabu yetu. Betri ya kWh 17.8 ikiwa na akiba ya theluthi moja inaipunguzia injini kazi. Tangi ni la lita 50, kwa hiyo mtu anaweza kusafiri siku nzima na mvumo huo. Kabla ya kununua, jiulize kama utauvumilia kwa saa tano mfululizo, si kwa dakika tano.

*Uzee.* Sili za ncha za rota ndizo roho ya injini hii. Mazda ilizinenepesha kutoka milimita 2.0 hadi 2.5. Sili zikichoka, mgandamizo unapungua kwenye pande moja au mbili za rota, na mapigo hayalingani tena: utasikia injini "ikichechemea" inapofanya kazi ndogo, na itasita kuwaka ikiwa ya moto. Rota kwa asili hula oili kidogo ili kulainisha sili hizo, kwa hiyo oili kupungua si dalili ya ugonjwa. Kutoikagua ndio ugonjwa.

*Inamfaa* anayeishi kwa kilomita chache za umeme kwa siku (kwa WLTP, kipimo rasmi cha umbali, ni kilomita 85), anayesafiri mbali mara kwa mara, na anayesumbuliwa na mtetemo kuliko sauti.

Nissan e-Power

*Mapigo.* E-Power ni mfumo unaowekwa kwenye magari tofauti ya Nissan. Note ya mwaka 2016 ilitumia silinda tatu za lita 1.2. Qashqai ya 2022 ina silinda tatu za lita 1.5 zenye tabo, na mgandamizo wa hewa ndani ya silinda unaobadilika kati ya 8 kwa 1 na 14 kwa 1. Silinda tatu zina kasoro moja ya kimaumbile: injini hujiyumbisha kutoka ncha hadi ncha, kama mtumbwi aliosimama mtu kwenye omo na mwingine kwenye tezi. Raba za injini ndizo zinazobeba aibu hiyo.

*Inaingia lini.* Mara nyingi. Betri ya Note ile ni ya kWh 1.5 tu, na ya Qashqai ni ya kWh 2.1, hakuna mahali pa kuficha umeme mwingi. Kwa hiyo wahandisi wa Nissan walifanya jambo la werevu: badala ya kuiondoa kelele, waliichagulia wakati. Kwenye Note yenye e-Power ya kizazi cha pili, ya mwishoni mwa 2020, kompyuta inatambua ukali wa barabara kutokana na jinsi magurudumu yanavyozunguka. Barabara ikiwa mbaya na matairi yananguruma, inawasha injini ichaji hapohapo. Barabara ikiwa laini, inaizima. Dereva wengi hawajui kabisa kama hilo linafanyika, na huo ndio ushindi wake.

*Inafuata nini.* Inafuata mguu kuliko i3 na Mazda. Kwenye Qashqai mizunguko inapandishwa sambamba na mwendo, na spika za ndani zinatoa mawimbi ya kupingana na mvumo. Faida yake ni kwamba sauti ina mantiki. Hasara yake ni kwamba haipotei kwa muda mrefu.

*Uwiano.* Asilimia 83 kwa Qashqai (kW 116 kwa 140), na zaidi ya 70 kwa Note ya kwanza (kW 58 kwa 80). Mlimani haiishiwi, lakini haina betri ya kuisaidia, kwa hiyo kila unachodai unakisikia. Na kuna jambo linalowashtua wengi: kwenye mteremko mrefu betri ndogo hujaa upesi, na umeme unaoendelea kurudi lazima utupwe mahali. Mfumo unautumia kuizungusha injini bila petroli. Unateremka, mguu uko nje ya pedali, na injini inanguruma kama unapanda. Haijaharibika.

*Uzee.* Injini hii inawaka na kuzima mara nyingi kwa saa moja, kwa hiyo raba zake ndizo huchoka kwanza. Dalili: kishindo kimoja "dup!" inapowaka na kingine inapozima. Jambo la pili, usibadilishe redio au spika za gari lenye mfumo wa kuua mvumo kabla ya kuthibitisha kwamba mfumo huo utabaki hai. Ukikatwa, mvumo unarudi wote. Ukiunganishwa vibaya, spika zenyewe zinaanza kuvuma.

*Inamfaa* asiye na mahali pa kuchaji, anayeendesha zaidi mjini. Anayetaka saa nzima ya kimya kamili asijidanganye.

Chevrolet Volt (na Opel Ampera)

*Mapigo.* Kizazi cha kwanza kina lita 1.4, kW 63. Cha pili, kuanzia toleo la 2016, lita 1.5 na kW 75. Silinda nne ndizo rahisi kunyamazisha: kwa mizunguko ileile mapigo ni maradufu ya silinda mbili, na sauti nyembamba huzuilika kwa vitu vya kawaida. Injini ikiwa imetulia, wengi hujua imewaka kwa kuangalia dashibodi.

*Inaingia lini.* Betri ikiisha, au ukichagua kuihifadhi (kitufe cha Hold kilianza toleo la 2013). Lakini huwaka pia kwa sababu zake yenyewe, na hizi ndizo huleta watu gereji bure. Kukiwa na baridi kali huwaka ili kutoa joto. Ikikaa takriban wiki sita bila kuwaka, inaomba ruhusa ya kuzunguka dakika chache ili kulainisha vyuma. Petroli ikizeeka karibu mwaka tangini, inaichoma. Na kwenye kizazi cha kwanza, ukifungua boneti gari likiwa limewashwa, injini inawaka papo hapo, ili fundi asidhani iko salama akaingiza mkono.

*Inafuata nini.* Kwa mwendo mdogo, hesabu zake. Kwa mwendo wa barabara kuu, klachi inaweza kuiunganisha injini na magurudumu kupitia gia za sayari, na hapo sauti inafanana na ya gari la kawaida.

*Uwiano.* kW 63 kwa mota ya kW 111 ni asilimia 57. Kizazi cha pili kinafika 68. Hata hivyo, ukianza mlima mrefu betri ikiwa tupu, lita 1.4 inapiga kelele zinazoshtua kwa gari lililozoea kunyamaza. Dawa ni hali ya Mountain, iwashwe kama dakika 20 kabla ya mlima, si katikati yake. Inajenga akiba mapema, injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini.

*Uzee.* Uzalishaji uliisha mwaka 2019, kwa hiyo yote ni magari yaliyotumika. Sikiliza "tik-tik" ya haraka injini ikiwa baridi, inayofifia baada ya dakika mbili tatu: hiyo ni gasketi ya ekzosi inayovuja, na utaona masizi meusi kwenye maungio. Mvumo wa kunyonya hewa uliozidi mara nyingi ni kifuniko cha filta ambacho hakikubanwa klipu zote baada ya sevisi.

*Inamfaa* anayetaka mpito usiosikika sana, anayesafiri mbali, na asiyejali gari ambalo halitengenezwi tena.

Kabla hujalipa, lisikilize hivi

Muuzaji atakuletea gari lenye betri iliyojaa, na utaondoka ukisifu kimya. Mwambie alilete betri ikiwa chini, au tumia kitufe cha kuhifadhi chaji ili kuilazimisha injini. Zima redio na feni, funga vioo.

Anza ukiwa umesimama, injini inavuma. Weka kiganja kwenye reli ya kiti, kisha kwenye usukani. Mtetemo unaohisiwa kwenye reli lakini si kwenye usukani huenda unatoka nyuma. Kisha nenda kilomita 30 kwa saa kwenye lami laini. Huu ndio mwendo mbaya kuliko yote, kwa sababu hakuna matairi wala upepo wa kuificha injini. Fuata 60, halafu 100. Katika kila mwendo achia pedali ghafla na uhesabu sekunde mpaka sauti ishuke. Mwisho, mpe mwenzako usukani ukae nyuma. Wauzaji wengi hawategemei mtu akae nyuma.

Ukitaka kupima kwa programu ya sauti kwenye simu, chagua kipimo cha C (dBC), si cha A (dBA). Kipimo cha A hupunguza sauti ya hezi 63 kwa desibeli 26, maana yake mvumo uleule unaokukera kinaufanya uonekane haupo. Kipimo cha C huupunguza kwa chini ya desibeli moja. Namba za simu mbili tofauti hazilinganishiki. Tumia simu moja, mahali pamoja, kwa magari yote.

Na usinunue gari lenye mvumo mkubwa kwa matumaini ya kuweka mikeka baadaye. Mkeka mzito wa raba hupunguza matairi na upepo, na matokeo yake injini inasikika zaidi, kwa kuwa kilichokuwa kinaifunika kimeondoka.

Kulingana na hali yako

Unachaji kila usiku na safari ndefu ni mbili tatu kwa mwaka: usilipie kimya cha injini usiyoitumia. i3 inatosha, mradi ni toleo lenye kuhifadhi chaji. Kama ni lile la asilimia 6.5 na kuna mlima kwenye njia yako, angalia Volt au Mazda.

Unaishi milimani: soma uwiano kwanza, silinda baadaye. Volt ya kizazi cha pili yenye akiba iliyojengwa mapema itakusumbua kidogo. E-Power itapanda bila kuchoka, lakini utaisikia ukipanda, na pengine ukishuka.

Una mtoto mchanga au mtu anayeamka upesi kiti cha nyuma: i3 ina injini nyuma yao. Kwa nyingine zote iko mbele. Kinachoamsha ni ghafla ya kuwaka, kwa hiyo iwashe mwenyewe kwa kitufe cha kuhifadhi mara mnapoingia barabara kuu, betri ikiwa bado nusu.

Unaumwa kichwa au kichefuchefu kwa mvumo mzito: epuka mapigo ya chini ya hezi 60 ukiwa umesimama. Silinda nne kwanza, tatu zenye mfumo wa kuua mvumo baadaye. Rota jaribu kwa saa nzima kabla ya kuamua, kwa sababu wengine wanaipenda na wengine hawaiwezi.

Huna pa kuchaji: ni e-Power tu hapa iliyoundwa kwa ajili yako. Zile tatu ukiziendesha kwa petroli kila siku, utaishi na kelele ambayo wabunifu wake hawakuikusudia kuwa ya kila siku.

Unapenda kusubiri ndani ya gari huku kiyoyozi kikifanya kazi: betri ndogo ya e-Power itaiwasha injini baada ya dakika chache, na zile nyingine zitafanya hivyo betri ikishuka, bila wewe kugusa kitu. Usikae hivyo kwenye gereji iliyofungwa, wala usiliache gari likiwa limewashwa humo kwa sababu tu liko kimya. Moshi wa injini ya akiba ni moshi uleule.